UZI: Ndege ndogo zilizopotea Aktiki, na kwanini nadhani baridi inasingiziwa

Kaskazi Kavu
Wakuu heshima kwenu. Uzi huu ni wa ndege ndogo tu, zile za rubani mmoja na abiria wachache, zilizoanguka au kupotea huko juu kabisa, Alaska ya kaskazini, Kanada ya kaskazini na upande wa Siberia. Madege makubwa sitayagusa. Hizi habari nimezisoma kwa muda mrefu na kila mtu anaimba baridi, baridi, baridi, mi naona baridi inasingiziwa. Ukifatilia vizuri utakuta karibu kila ajali kuna mtu alikuwa na sababu ya kuondoka siku ile ile, mzigo wa hela au mgonjwa au ratiba ya watu wakubwa, na hali ya hewa ilishamwambia kaa. Baridi inakuja baadae kumalizia.

Naanza na Carl Ben Eielson maana huyu ndo baba yao. Jamaa alifika Fairbanks 1922 kufundisha sekondari, ila alishajifunza urubani jeshini, wenyeji wakachangishana wakamnunulia ndege. 1924 akabeba barua kutoka Fairbanks kwenda McGrath, safari ambayo sledi za mbwa zilikuwa zinatumia zaidi ya wiki 2, yeye akaimaliza chini ya masaa 3. Halafu Aprili 1928 yeye na Hubert Wilkins wakaruka kutoka Point Barrow, ncha ya kaskazini kabisa ya Alaska, mpaka Svalbard, visiwa vya Norway, zaidi ya masaa 20 juu ya barafu tupu bila pa kutua. Kwa hiyo huyu sio mtu wa kubahatisha.

Sasa 1929 kuna meli ya biashara inaitwa Nanuk ikanasa kwenye barafu pwani ya Siberia, ndani ina ngozi za manyoya za karibu dola milioni 1 kwa hela ya wakati ule. Mwenye mali hataki kusubiri barafu iyeyuke kiangazi, bei ikishuka je? Akamkodi Eielson kwa dola 50,000 azitoe kwa ndege. Safari ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili, tarehe 9 Novemba 1929, Eielson na fundi wake Earl Borland wakaruka kutoka Teller, kijiji cha pwani ya Alaska, na hawakufika.

Walitafutwa zaidi ya miezi 2, Wamarekani, Wakanada na Wasovieti pamoja, katikati ya giza la msimu wa baridi. Waliokuja kuona bawa limechomoza kwenye theluji mwishoni mwa Januari ni Joe Crosson na Harold Gillam, na hao walikuwa wanarusha ndege zisizo na kioo cha kufunika juu, upepo wa Siberia unakupiga usoni moja kwa moja. Kilichodhaniwa ni kwamba kipima mwinuko kilimdanganya, aliona yuko juu kumbe ardhi iko hapo chini ya miguu. Injini ilikuwa imefunguliwa mwisho kabisa, maana yake hakuwa anatua, alikuwa anaenda zake.

Naendelea, niacheni nipate chai.

Mtukutu wa Tabata
Siti ya mbele kabisa. Ila mkuu hapo kwenye kipima mwinuko fafanua, kinadanganyaje? Si kifaa hicho?

Kaskazi Kavu
Mkuu kile kifaa hakipimi urefu, kinapima mgandamizo wa hewa halafu kinakutafsiria kuwa urefu. Ukiondoka sehemu yenye mgandamizo mkubwa ukaingia kwenye dhoruba ambako ni mdogo, na hujakirekebisha, kinakusomea uko juu kuliko ulipo. Leo unapewa namba kwa redio unakiweka sawa, 1929 katikati ya Siberia nani akupe? Na baridi kali yenyewe inaongeza uongo, hewa ikipoa sana inajibana, kwa hiyo urefu wa futi kadhaa kwenye kifaa ni pungufu kwa ukweli. Marubani wa kule mpaka leo wana majedwali ya kuongeza futi siku za baridi kali.

Halafu kuna ule weupe. Theluji chini nyeupe, mawingu juu meupe, mwanga umetawanyika hakuna kivuli, hakuna mstari wa upeo. Rubani anaingia kwenye kilima macho yamefunguka wazi na hajaona chochote. Na ukikaribia ncha ya sumaku dira nayo inakuwa pambo, sindano inazunguka tu inatafuta pa kulala.

Zuhra wa Mikindani
Kumbe basi sio haraka ni vifaa. Unajipinga mwenyewe kaka.

Kaskazi Kavu
Hapana dada, vifaa vibovu walikuwa wanajua ni vibovu. Wote walijua dira haifai, wote walijua namba za mgandamizo hawana. Mtu anayejua hayo anakaa chini anasubiri anga lifunguke, wale wazee walikuwa wanakaa siku nyingi kwenye vibanda wanacheza karata. Oili ya injini jioni wanaimwaga kwenye ndoo wanalala nayo ndani isigande, asubuhi wanaichemsha kwenye jiko huku injini imefunikwa turubai na chini yake jiko la moto linaipasha, hiyo kazi peke yake ni saa nzima au zaidi na turubai likishika moto ndege imekwenda. Watu wenye subira hiyo hawakushindwa kusubiri mawingu. Kinachowatoa kibandani ni mtu mwingine mwenye haraka yake.

Haya twende Wiley Post na Will Rogers. Post alikuwa na jicho moja, lingine lilipotea kwenye ajali ya kazini visima vya mafuta, fidia aliyolipwa ndo akanunulia ndege yake ya kwanza. 1933 akaizunguka dunia peke yake, wa kwanza kabisa, kwa siku 7 na masaa 18 na ushee. Rogers alikuwa mchekeshaji na mwigizaji, anaandika safu magazetini inasomwa Marekani nzima, pengine hakukuwa na mtu maarufu kumzidi kule. 1935 wakaamua kutalii Alaska.

Ndege yenyewe ndo kichekesho cha uchungu. Post aliiunga, mwili wa Lockheed Orion, mabawa ya Lockheed Explorer, halafu ili itue kwenye maji akafunga maboya ya ndege kubwa zaidi kwa sababu aliyoyaagiza yalichelewa na hakutaka kusubiri. Watengenezaji wenyewe hawakuibariki hiyo kazi. Matokeo yake pua ikawa nzito kupita kiasi. Injini ikiwa inavuta mambo yanaenda, injini ikizima mwendo ukiwa mdogo inachoma chini kama mshale na hakuna cha kuokoa.

Tarehe 15 Agosti 1935 wakaruka kwenda Point Barrow, ukungu umefunika pwani yote. Wakapotea, wakaona ghuba ndogo inaitwa Walakpa kuna wenyeji wa Inupiat wamepiga kambi wanawinda, wakatua kuuliza njia. Mzee mmoja, Clair Okpeaha, akawaonyesha, Barrow iko kama kilomita 24 tu. Wakashukuru, wakaruka, injini ikazima wakiwa bado chini, ndege ikageuka ikaingia majini kichwa chini.

Okpeaha alikimbia hizo kilomita zote kwa miguu kwenye tundra, ile nyika ya Aktiki isiyo na miti, na kiangazi ni matope na mafundo ya majani, sio barabara. Hakuwajua ni kina nani, alichoweza kusema ni kwamba mmoja ni mkubwa na mwingine ana kitambaa kwenye jicho. Askari wa kituo cha redio pale Barrow akaelewa hapo hapo. Kesho yake dunia nzima inalia.

Kilomita 24 wakuu. Wangechemsha chai na wale wawindaji wangesubiri ukungu uinuke.

Mtukutu wa Tabata
Daah. Ila kila siku wanasema ndege iliua watu maarufu wawili, huyo mzee aliyekimbia anatajwa mstari mmoja. Uwanja wa Barrow umeitwa majina ya nani?

Kaskazi Kavu
Wiley Post na Will Rogers. Mji wenyewe 2016 wenyeji wamepiga kura ukarudishiwa jina lao, Utqiagvik, uwanja umebaki vile vile.

Mla Ugali wa Edmonton
Wakuu mimi niko Kanada huku, msiseme baridi inasingiziwa bila kuionja. Ikifika chini ya -30 gari unalichomeka kwenye umeme usiku kucha kama simu, kuna waya umechomoza mbele kabisa kwenye boneti, usipochomeka asubuhi huendi kazini. Na hapa ni mjini, sio Yellowknife huko kaskazini zaidi. Pua unavuta hewa unasikia manyoya ya ndani yanaganda.

Kaskazi Kavu
Kiongozi nakuheshimu, we ndo shahidi. Sisemi baridi haiui, nasema baridi haikurushi. Na kwa kuwa umeitaja Yellowknife ngoja niende huko huko, maana njia ya Cambridge Bay, kijiji cha pwani ya Aktiki, kwenda Yellowknife ina visa viwili vya ajabu, miaka 5 kati yake.

Cha kwanza ni Robert Gauchie, Februari 1967, peke yake kwenye ndege aina ya Beaver. Alikuwa anarudi nyumbani, dhoruba, dira haifai, mafuta yakaisha, akatua salama juu ya ziwa lililoganda. Salama kabisa. Shida ni kwamba hakuna aliyejua ni ziwa lipi na maziwa kule hayahesabiki. Alikaa siku 58. Bahati yake alikuwa na samaki wabichi waliogandishwa kwenye mzigo, ndo akala wabichi hivyo hivyo. Msako ulishasimamishwa zamani. Tarehe 1 Aprili ndege ya watu wengine kabisa inapita zake, mmoja akaona kitu kinametameta jua likikipiga, wakageuza. Alipoteza vidole vya miguu lakini aliishi miaka mingi baadae.

Zuhra wa Mikindani
Siku 58 na samaki wabichi mimi ningeshakuwa malaika. Cha pili?

Kaskazi Kavu
Cha pili ndo kinanikosesha usingizi, wenye roho nyepesi warukeni.

Tarehe 8 Novemba 1972. Pale Cambridge Bay kuna wagonjwa wawili wa Inuit, wenyeji wa Aktiki ya Kanada, wanahitaji hospitali ya Yellowknife haraka. Mama mjamzito mwenye matatizo ya uzazi, na kijana wa miaka 14, David Kootook, anadhaniwa ana kidole tumbo. Wanasindikizwa na nesi Mwingereza. Rubani ni Marten Hartwell, asili yake Mjerumani, ndege ni Beechcraft 18 yenye injini mbili. Hartwell hakuwa na ruhusa ya kuruka kwa kutegemea vifaa, yaani alitakiwa aruke anapoona tu, na ile jioni hapakuwa na cha kuona. Lakini mama anaumwa, mtoto anaumwa, nesi kasimama hapo. Wakuu niambieni ukweli, nyinyi mngekataa?

Walitoka nje ya njia mbali mno upande wa magharibi, wakapiga kilima karibu na ziwa Hottah. Nesi alifariki pale pale, yule mama akafuata baada ya masaa machache na mtoto tumboni. Hartwell amevunjika vifundo vya miguu yote miwili na goti, hawezi hata kusimama. Aliyebaki mzima ni David. Mtoto wa miaka 14, mgonjwa.

Huyu kijana ndo akawa baba wa ile kambi. Anatafuta kuni, anawasha moto, anayeyusha theluji wapate maji, anaweka hema, anajaribu kwenda ziwani kuvua arudi mikono mitupu. Chakula cha dharura kikaisha. Huku nje msako mkubwa unaendelea, ndege za jeshi zinachana anga, lakini zinatafuta kwenye njia ambayo wao hawakupita. Mwishoni mwa Novemba msako ukasitishwa, ndugu na wananchi wakapiga kelele mpaka serikalini ukarudishwa tena.

David alifariki karibu siku ya 23. Hartwell alipatikana tarehe 9 Desemba, siku ya 31, baada ya ndege kubwa ya jeshi kusikia ile ishara ya redio ya dharura. Na alikuwa hai kwa sababu alikula nyama ya mwili wa nesi. Alisema mwenyewe, hakuficha. David alikataa kula mpaka mwisho.

Mtukutu wa Tabata
Aisee.

Ustaadh Dengu
Innalillahi. Mimi nashika upande wa kijana. Kuna mambo mtu anakufa nayo tumboni bora.

Mla Ugali wa Edmonton
Rahisi kusema ukiwa umeshiba Ustaadh. Maiti imeshakufa, haijui. Yule mzungu hakuua mtu.

Zuhra wa Mikindani
Nyote mnajadili aliyekula na aliyekataa, hakuna anayejadili kwamba mtoto mgonjwa alimlisha na kumwotesha moto mtu mzima siku 20 na kitu. Bila David huyo Hartwell angeganda usiku wa kwanza, hata huo mjadala wa nyama usingekuwepo. Na mtoto nguvu zake zilikwenda wapi kama sio kwenye kuni?

Kaskazi Kavu
Dada Zuhra umemaliza. Magazeti ya wakati ule yaling'ang'ania nyama. Na kumbukeni ni majira yale yale ya wale Waruguay wa milima ya Andes, walianguka 13 Oktoba 1972 na 16 waliobaki wakaokolewa wiki mbili hivi baada ya Hartwell, kwa hiyo dunia mwezi ule ilikuwa inaongea kitu kimoja. Habari ya David ilikaa chini mpaka 1994 ndo Kanada ikampa nishani ya heshima, miaka 22 keshalala.

Mimi simhukumu Hartwell kwenye kula, hapo siwezi. Kwenye kuruka ndo nina neno naye, ila hata hapo nikimfikiria yule mama anavyougulia najikuta nanyamaza. Hii ndo ile haraka ninayoisema, kuna ya tamaa kama ya manyoya ya Nanuk na kuna ya huruma, na kilima hakiulizi ni ipi.

Kipanga wa Kurasini
Mkuu umewasahau wale wabunge wa Marekani waliopotea mwaka huo huo Alaska.

Kaskazi Kavu
Sijawasahau, ile njia ya Anchorage kwenda Juneau sio Aktiki hasa ndo maana niliwaweka pembeni. Ila haya. Tarehe 16 Oktoba 1972, siku 3 tu baada ya Andes, Hale Boggs kiongozi wa chama chenye wabunge wengi pale Washington, na Nick Begich mbunge wa Alaska, msaidizi mmoja na rubani, kwenye Cessna 310. Wanawahi kampeni. Walitafutwa siku 39 na hawajaonekana mpaka leo, hata msumari. Cha kushangaza rubani wao alikuwa ameandika makala kwenye jarida la urubani, yenye ujumbe kwamba barafu kwenye mabawa isikutishe sana, ikatoka karibu na wakati ule ule. Sheria ya Alaska ilishataka kila ndege iwe na kifaa cha kutoa ishara ya dharura, uchunguzi ukaona hiyo haikuwa nacho, chake kiliachwa Fairbanks. Begich alichaguliwa tena akiwa hayupo, kiti kikaja kuchukuliwa na Don Young aliyekaa nacho mpaka anafariki 2022.

Mtukutu wa Tabata
Sasa hicho kifaa cha ishara ndo kimemaliza tatizo au?

Kaskazi Kavu
Kimepunguza kusubiri. Mwanzoni ilibidi ndege nyingine ipite karibu ndo isikie, kama ilivyokuwa kwa Hartwell. Baadae Wamarekani, Wakanada, Wafaransa na Wasovieti, katikati ya vita baridi hiyo, wakakubaliana satelaiti zisikilize ishara hizo kutoka angani. Septemba 1982 kabisa, mfumo bado wa majaribio, Cessna ikaanguka milimani British Columbia na Wakanada 3 ndani, ishara yao ikasikika na satelaiti ya Kisovieti. Wakaokolewa wote. Leo siku 58 za Gauchie zingekuwa masaa.

Lakini ona, kifaa kinakusaidia ukishaanguka. Kuondoka bado ni kichwa cha mtu.

Kipanga wa Kurasini
Na ile ya juzi juzi ya Nome, Alaska? Ile Caravan. Mimi napanda sana Caravan kwenda Mafia nimeanza kuogopa.

Kaskazi Kavu
Hiyo ni Bering Air, 6 Februari 2025, kutoka Unalakleet kwenda Nome, watu 10, wakapatikana kesho yake juu ya barafu ya bahari, hakuna aliyepona. Ndege ni Cessna Caravan, ndo hizi hizi zinazokwenda Mafia na Serengeti, chuma kizuri tu, injini moja haina makuu. Ripoti ya awali ilisema ilikuwa imezidisha zaidi ya kilo 400 juu ya uzito unaoruhusiwa kwa kuruka kwenye anga lenye barafu. Sikiliza hapo, sio uzito wa kawaida, ni uzito wa siku ya barafu, ambao ni mdogo zaidi kwa sababu barafu ikishika mabawa yanapoteza umbo na ndege inahitaji mwendo mkubwa zaidi isidondoke. Kule vijijini hakuna barabara, ndege ndo daladala, mizigo yote ya watu inapita humo, na nani anataka kumwambia bibi aliyetoka hospitali kwamba leo begi lako linabaki? Sijasema ndo sababu kamili, nasema hiyo sehemu ya ripoti naielewa vizuri sana.

Kwa Mafia huna barafu ya kukushika mabawa mkuu, panda tu.

Kipanga wa Kurasini
Sawa ila sasa nimeelewa kwanini mara ya mwisho walinipima mimi na begi kwenye mizani kama gunia la mpunga, nikanuna, halafu wakanihamisha kiti cha mbele pembeni ya rubani. Nina kilo 118.

Zuhra wa Mikindani
Kaka na wewe kiti cha mbele ulichukua kama cheo 😂